Kwangu na Kwetu

Lugha yetu ina tabia moja ambayo huwashangaza wageni wanaojifunza. Mtu akiulizwa nyumba yake iko wapi, hujibu, "Kwangu ni pale penye mwembe." Lakini akiulizwa atokako, hasemi kwangu, husema kwetu. Hata yatima asiye na ndugu mmoja duniani husema kwetu. Neno la kwanza ni la mtu mmoja. La pili ni la watu wengi, na hapana awezaye kulitumia kwa haki akiwa peke yake. Kwangu huweza kununuliwa kwa fedha, kujengwa kwa matofali na kufungwa kwa kufuli. Kwetu hakununuliki wala hakufungiki, maana sehemu yake kubwa imo katika vinywa vya wengine. Nataka kulitafakari swali ambalo tofauti ya maneno haya mawili huliamsha. Je, mtu aliyezaliwa mahali pamoja akahamia pengine, akapapenda mahali pale kwa moyo wake wote, aweza kwa haki kupaita kwetu? Na kama aweza, ni nani ampaye ruhusa?

Nimezaliwa Kasulu, katika nchi ya Waha, na nimeishi Muheza, katika nchi ya Wabondei, kwa muda unaozidi nusu ya umri wangu. Walakini swali hili ni la zamani kuliko mimi. Nilipokuwa mtoto palikuwa na jina moja nyumbani ambalo lilitajwa kwa sauti ndogo, kama litajwavyo jina la mgonjwa wa siku nyingi. Lilikuwa jina la mdogo wake babu yangu. Baada ya Vita Kuu ya Pili kijana huyu aliandikwa kwenda kukata mkonge Tanga. Aliahidi kurudi mkataba ukiisha. Mkataba uliisha, mwingine ukaisha, nchi ikapata uhuru, mashamba mengi yakabadili wenyewe, na yeye hakuonekana. Watu wa nyumbani walisema "amepotelea mkonge," kama watu wa pwani wasemavyo juu ya baharia kwamba amepotelea baharini. Mama yake alikufa akiitazama njia.

Yafaa nieleze kidogo kwa wale ambao hawakuyajua maisha hayo. Mkonge ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo Tanga, na wenyeji, waliokuwa na mashamba yao, hawakuona sababu ya kuacha mihogo yao kwenda kuchomwa na miiba ya tajiri. Basi mikono ilitafutwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Rungwe, hata Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, kikajulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikwa, akapewa namba, akapakiwa katika gari la moshi la reli ya kati, kisha katika lori. Na kutokana na namba ile likazaliwa jina manamba. Kazi ya siku 30 iliandikwa katika kipande, na mshahara ulitoka kipande kilipojaa. Sijui kama yamkini kubuni mpango bora zaidi wa kumfanya mtu asiwe wa mahali popote. Kambi haikuwa kwake, ilikuwa ya shamba. Jina lake kazini lilikuwa tarakimu. Na huko alikotoka alihesabiwa miongoni mwa watakaorudi, hata alipokuwa harudi.

Hata mmea wenyewe ulikuwa mgeni. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, nao asili yake ni Meksiko. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Leo ukimwambia mtoto wa Tanga kwamba mkonge si wa kwao, atadhani unamtania. Nimewahi kufikiri kwamba mmea hupewa uenyeji kwa urahisi kuliko mtu kwa sababu mmea hauulizwi maswali. Lakini fikira hiyo ina upungufu. Mmea huo ulikaa juu ya ardhi ya watu, na watu hao nao hawakuulizwa. Nitalirudia jambo hilo.

Mwaka 1986 nilipangiwa kazi ya ualimu wilayani Muheza. Baba yangu alinipa agizo moja tu. "Huko uendako yuko babu yako," alisema. "Kama yu hai, mwambie arudi. Kama amekufa, ujue alipolala." Ilinichukua mwaka na zaidi. Nilimpata katika kijiji kimoja kilicho kando ya mkonge. Yaani nililipata kaburi lake, maana alikuwa amekufa miaka saba kabla sijafika. Aliyenipeleka ni bibi mmoja wa Kibondei aliyekuwa jirani yake. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba mimi ni mjukuu wa marehemu, nimetoka Kigoma, na nimemtafuta kwa sababu alikuwa amepotea. Yule bibi alinitazama kwa mshangao usio na ubaya.

"Amepotea?" aliuliza. "Hakupotea, mjukuu wangu. Alikuwa hapa siku zote."

Nimeyachukua maneno hayo moyoni kwa miaka karibu 40. Hayana ufundi wowote, na yule bibi hakukusudia kufundisha falsafa. Lakini yalinionyesha kwamba kwa muda wa miaka 30 mtu mmoja alikuwa amepotea na hakupotea. Habari hizi mbili hazikuwa uongo. Kasulu palikuwa na nafasi tupu katika hesabu ya watu, na nafasi ile ilikuwa ya kweli kama jeraha lilivyo la kweli. Muheza palikuwa na mtu mzima, mwenye jina, shamba, jembe na deni dukani. Neno kupotea halikumhusu yeye tu. Lilihusu pia mahali aliposimama mwenye kulisema.

Niliuliza habari zake, nikaambiwa mengi. Alipotoka kambini hakujichukulia ardhi. Aliomba kwa mzee mmoja wa kijiji, akapewa kishamba chenye mawe ambacho hapana aliyekitaka. Alipanda mihogo, na baadaye michungwa kama wafanyavyo watu wote wa Muheza. Alipata kula bada na kusema kwamba, kwa mtu aliyekulia ugali wa muhogo, hapo alikuwa amefika nusu ya safari ya nyumbani. Alichimba makaburi. Kila palipotokea msiba yeye alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na wa mwisho kuondoka. Kisha akawa shahidi wa mipaka. Watu wawili walipogombana juu ya mpaka wa mashamba, walimwita yeye, kwa kuwa alikumbuka vizuri na hakuwa na ukoo wa kuupendelea. Jambo hili la mwisho lilinishangaza kuliko yote. Ugeni wake, ambao ungaliweza kuwa sababu ya kufukuzwa barazani, ulikuwa ndio sababu ya kuitwa. Hakuuficha, aliutia katika kazi ya watu.

Kando ya nyumba yake alipanda michikichi mitatu. Hapana ajuaye mbegu zilimfikiaje. Wanakijiji waliiacha imee kwa heshima yake, watoto wakatafuna matunda yake kwa mchezo, lakini hapana aliyejua kukamua mawese kama yakamuliwavyo Kigoma. Hivyo kwa miaka yote ile kulikuwa na kitu kimoja cha kwao ambacho alikitoa na hakikupokewa. Nadhani kila mhamaji anacho kitu kama hicho.

Nimekwisha kumsifu vya kutosha. Sasa yanipasa nimshitaki. Mtu huyu hakuandika barua. Palikuwa na wasafiri, palikuwa na posta, palikuwa na makarani waliowaandikia wasiojua kuandika. Mama yake aliishi miaka 12 baada ya yeye kuondoka. Wale wanaosifu moyo wa kuhama, ambao siku hizi ni wengi, husema kana kwamba mtu hupata kwetu ya pili bure, kama apatavyo hewa. Si kweli. Palikuwa na mtu aliyelipa, na mtu huyo alikuwa mwanamke mmoja wa Kasulu aliyekaa kibarazani jioni. Kuchimba makaburi ya mama za watu wengine ni tendo jema. Halifuti kutoliona kaburi la mama yako. Sijui kama yeye mwenyewe aliliona jambo hili alipokuwa akichimba. Napenda kuamini kwamba aliliona.

Hapa ndipo msomaji atakapoikumbuka methali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Wengi huitumia kama fimbo ya kumpiga kila aliyehama. Lakini naomba itazamwe vizuri. Katika pwani iliyoizaa methali hii, utumwa haukuwa neno la kupamba usemi. Mtumwa alikuwa mtu aliyepokonywa watu wake, akawa hapana anayeweza kusimama akasema, "Huyu ni wetu." Kwa hiyo methali inasema jambo zito kuliko lile tulidhanialo: mwenye kuwakana watu wake hujitendea mwenyewe kile ambacho mwindaji wa watumwa aliwatendea wengine. Hukumu hiyo ni ya haki. Lakini inamwangukia mwenye kukataa. Haimgusi mwenye kuongeza. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, katika nasaba ya Kiyao, ambayo asili yake ni mbali na pwani ile. Naye akawa fahari ya lugha ya pwani kuliko wengi ambao nasaba zao zilikuwa hapo tangu kale. Amezikwa huko huko Tanga. Sijasikia mtu akisema kwamba amepotea.

Basi ikiwa kuongeza kwaruhusiwa, kipimo chake ni nini? Jibu la haraka ni mapenzi: apapendaye mahali ni wa mahali hapo. Jibu hili ni zuri masikioni, nalo ni la hatari. Wajerumani walioingia milima ya Usambara waliipenda kweli. Waliipenda baridi yake iliyowakumbusha kwao, wakajenga nyumba, wakapanda bustani, na mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Hapana sababu ya kudhani kwamba mapenzi yale yalikuwa ya unafiki. Lakini yalikuwa mapenzi ya vilima, mito na hewa. Watu waliokuwa wakiishi katika vilima hivyo walihesabiwa kuwa nguvukazi au kizuizi. Vivyo hivyo wenye mashamba ya mkonge kule chini waliweza kuipenda sana ardhi ya Wabondei. Mwivi naye huipenda mali aliyoiiba, na pengine huitunza kuliko mwenyewe. Kupenda mahali bila kukubali kuwa chini ya neno la watu wa mahali hapo ni kusema kwangu kwa sauti ya kwetu. Mtu aliyeomba kishamba chenye mawe na kungoja jibu alikuwa katika njia nyingine kabisa, ingawa udongo ulikuwa ule ule.

Wengine watasema kipimo ni miaka. Hilo nalo halitoshi. Nimewajua watu waliokaa kambini miaka 40, masanduku yao chini ya kitanda yakiwa yamefungwa tayari. Mashamba ya mkonge yalipoanguka, yale yaliyotaifishwa mwaka 1967 na yale yaliyobaki mikononi mwa watu binafsi, na kazi ikaadimika, watu hao waligundua kwamba walikuwa na miaka mingi na hawakuwa na mahali.

Wa tatu watasema kipimo ni hati ya Serikali. Aristotle, aliyeandika kwa makini kuliko wengi wa zamani juu ya maana ya raia, aliishi Athens miaka mingi akiwa mgeni, bila haki za raia, na mwaka 323 kabla ya Kristo akaondoka kwa hofu. Hilo ni fumbo la kale. Karibu nasi kuna habari iliyo bora zaidi kwa kufikiriwa. Mwaka 1972 Warundi wengi waliyakimbia mauaji ya nchini mwao wakaingia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, mahali palipokuwa pori. Walilifyeka, wakalima, wakazaa na kuzika. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kuwapa uraia wale waliotaka kubaki, na zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa. Tendo la ukarimu ambalo nchi chache duniani zimelifanya kwa kadiri ile. Lakini mpango wa kwanza ulikuwa na sharti: raia wapya wayaache makazi yale, watawanyike katika mikoa mingine. Hati zikakawia. Mwishowe sharti likaachwa, na mwaka 2014 hati zikaanza kutolewa kwa watu waliokuwa wakingali katika mashamba yao.

Sharti lile halikuwa la kijinga. Waliolitunga walitaka raia wasibaki katika kundi lao kama kisiwa. Lakini walidhani kwamba nchi ni kitu kimoja kipana, na mtu akiisha kuwa wa nchi, ni mamoja awe Mtwara au Mara. Moyo wa binadamu haufanyi kazi hivyo. Hapana mtu aliye wa nchi nzima kabla ya kuwa wa kilima kimoja, kisima kimoja, na makaburi kadhaa. Kumwambia mtu, "Sasa wewe ni wetu, kwa hiyo ondoka hapo," ni kumpa kwetu kwa mkono wa kulia na kumpokonya kwa mkono wa kushoto.

Kipimo changu mimi ni aibu, na sikukipata kwa kufikiri. Katika miaka ya 1990 mdogo wangu alinitembelea kutoka Kasulu. Siku moja tulikuwa njiani tukakuta lori lililobeba mafuta ya kupikia limepinduka. Dereva alikuwa amebanwa, akiugua. Watu wa vijiji vya karibu walikuwa wamekuja na ndoo na madumu, wakichota. Wachache, nadhani watatu, walikuwa wakishughulika na dereva. Waliobaki walishughulika na mafuta, na miongoni mwao niliwatambua wanafunzi wangu wawili na mama wa mmoja wao. Tulisaidia kumtoa yule mtu. Baadaye mdogo wangu, nguo zake zikiwa na damu, aliniuliza, "Kaka, hivi watu wenu hawa ni watu gani?"

Sikuwa na jibu. Lakini neno moja katika swali lake lilikuwa limenichoma kuliko mengine yote: wenu. Yeye alilisema kwa hasira, kama mtu atupaye jiwe; mimi nililipokea, na nikaona kwamba lilikuwa langu. Sikutaka kumwambia kwamba hao si watu wangu na mimi natoka Kasulu kama yeye. Njia hiyo ya kutokea ilikuwa wazi, na miaka michache nyuma ningaliipita mbio. Siku ile haikunijia hata akilini mpaka usiku.

Fahari ni rahisi kuazima. Mtalii ashukapo garini Amani na kuuona msitu hujaa fahari ya msitu huo kabla hajanywa maji. Kila mtu ni jamaa wa mshindi. Lakini aibu haiazimiki, wala hapana aitafutaye. Mtu haoni aibu ya mji usio wake. Huona chukizo, au kicheko, au huruma. Aibu huja pale tu ambapo tendo la wengine limeingia katika jina lako bila kubisha hodi. Ndiyo sababu nasema kwamba ni shahidi wa kweli: haiwezi kununuliwa, kwa kuwa hapana mnunuzi.

Walakini aibu yangu mimi ilinipa nusu ya jibu tu. Wiki ile ile palikuwa na mkutano wa kijiji, nami nilisimama nikasema maneno makali. Mtu mmoja akanikata. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mgeni hapa. Mambo yetu tuachie wenyewe." Nilikaa kitako. Sikuwa na la kujibu, maana haki ya kusema neno lile ilikuwa yake, na kama kijiji kingenyamaza basi jambo lingekwisha hapo, na mimi ningebaki na aibu isiyo na mahali pa kwenda. Aliyesema ni yule bibi, jirani wa babu yangu, akiwa mzee sana wakati huo. Alisema, "Mgeni angetucheka. Huyu ametukasirikia." Hakuongeza neno, na mkutano ukaendelea na habari ya lori.

Kwa hiyo naona mambo mawili hupaswa kukutana, na moja peke yake halifai kitu. Mhamaji lazima awe amekubali kudaiwa: kuchimba, kutoa ushahidi, kuona aibu, kukasirika panapopasa. Na wenyeji lazima wawe tayari kumdai. Jamii isiyomwomba mgeni kitu chochote, inayomtendea heshima ya mgeni miaka na miaka, chakula kizuri na kiti cha mbele, humfungia mlango kwa upole. Lugha yetu inalijua jambo hili. Neno mwenyeji lina maana mbili: mtu wa asili wa mahali, na mtu ampokeaye mgeni. Kwa muda mrefu nilidhani maana ya pili imetokana na ya kwanza, kwamba mtu hupokea wageni kwa sababu ni wa hapo. Siku hizi nashuku kwamba njia hiyo huweza kupitwa kwa upande wa pili pia. Nyumba ya babu yangu, nimeambiwa, ndiyo iliyokuwa ikiwapokea vijana waliotoroka kambi, Wabena, Wangoni na Waha. Waliitwa wageni wake. Kijiji kisingeweza kuwaita wageni wake bila yeye kuwa mwenyeji.

Limebaki jambo la kaburi, ambalo ndilo gumu, kwa kuwa mtu aweza kuwa na kwetu mbili maisha yake yote lakini hazikwi mara mbili. Ruthu Mmoabi, alipoamua kumfuata mkwewe, hakuliacha jambo hili nje ya ahadi yake. Alilitaja kaburi waziwazi. Na wasomaji Waislamu wanakijua kisa kilicho kikubwa zaidi. Makka ilipofunguliwa mwaka 630, watu wa Madina, waliompokea Mtume Muhammad alipokuwa akifukuzwa, waliingiwa na hofu kwamba sasa angebaki katika mji aliozaliwa. Aliwatuliza, akarudi pamoja nao, na mwaka 632 akafia Madina, akazikwa huko. Lakini kibla kilibaki Makka. Sina ujuzi wa kufasiri mambo ya dini, nami nayataja kwa adabu. Nasema tu kwamba mtu aweza kuelekea mji mmoja kila siku ya maisha yake na kulala katika mji mwingine, na asiwe ameukana hata mmoja.

Baba yangu amekufa, nami nimestaafu. Mke wangu ni Mbondei, na watoto wetu husema "kwetu Muheza" bila kufikiri, kama samaki asemaye maji. Mwaka juzi mdogo wangu alinipigia simu akaniambia kwamba walipokuwa wakitengeneza makaburi ya ukoo wameacha nafasi moja kando ya baba. Hakusema ni ya nani. Mwezi ule ule, huku Muheza, tulipokuwa tukitoka mazikoni, mzee mmoja alinishika mkono akanionyesha kwa fimbo upande wa kaburi la babu yangu. "Mwalimu," alisema, "hapa pananafasika."

Nilimwomba mdogo wangu aje wakati wa machungwa. Alikuja. Nilimpeleka kijijini akaone kaburi la babu, na akina mama waliotusalimu njiani wakauliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Nikajibu upesi, "Ni mgeni wangu." Mdogo wangu aligeuka akanitazama. Niliongeza kwamba ni ndugu yangu, tumezaliwa tumbo moja, lakini neno la kwanza lilikuwa limekwisha kutoka.

Hatukuzungumza juu ya nafasi yoyote, ya Kasulu wala ya Muheza. Alisimama kaburini kwa muda mrefu. Kisha aliiona michikichi. Mmoja ulikuwa umekwisha kuanguka, lakini chini ya miwili iliyosalia ilikuwa imemea mingine, nayo ilikuwa na mikungu iliyoiva. Akaniuliza wanaifanyia nini. Nikamwambia hapana kitu. Alivua shati. Siku mbili akawa kwenye moto na sufuria na kinu cha kuazima, akina mama wamemzunguka, akiwaonyesha namna ya kuchemsha matunda, kuyatwanga na kuyaengua mafuta. Alipoondoka alichukua chupa mbili za mawese ya Muheza kuyapeleka Kigoma, kama mtu apelekaye chumvi Uvinza. Baada ya wiki aliniarifu kwamba wameyapikia maharage, na kwamba shangazi alisema yana ladha ya ugenini kidogo, lakini chungu kilikwisha.